Zulia Lisilowambwa Halijatandikwa

Imeenea miongoni mwa wenye nyumba, na hata miongoni mwa baadhi ya mafundi ambao kazi hii ndiyo riziki yao, dhana ya kwamba zulia la ukuta kwa ukuta, likiisha kukatwa kwa kipimo cha chumba na kulazwa sakafuni, limekwisha kazi. Kwamba uzito wake lenyewe, pamoja na uzito wa makochi na makabati yatakayosimama juu yake, watosha kulituliza mahali pake. Na kwamba ikitokea, baada ya miezi michache, likainuka mikunjo katikati ya chumba, basi lawama ni ya zulia, au ya kiwanda kilicholitengeneza, au ya mwenye duka aliyeuza kitu hafifu kwa thamani ya kitu madhubuti. Dhana hiyo husemwa kwa yakini kubwa, hata asiyeijua kazi akaiamini, na aliyeifanya kazi vibaya akajificha nyuma yake. Mimi nasema ni batili. Mikunjo hiyo, katika nyumba nyingi mno, haikuletwa na kiwanda wala na duka. Ililetwa siku ile ile zulia lilipotandikwa bila ya kuwambwa, yaani bila ya kuvutwa kwa nguvu kutoka ukuta hadi ukuta na kunaswa pande zote likiwa limekazika.

Insafu yataka tuulize kwanza dhana hii imetoka wapi, kwani haikuzuka bure. Watu wa mwambao wameyajua matandiko ya sakafuni tangu zamani za kale. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Ghuba yalileta mazulia ya Kiajemi katika bandari za Lamu, Mombasa na Unguja, na majumbani mlikuwamo mikeka, misala na mabusati kabla ya hayo na pamoja na hayo. Tandiko la namna hiyo lina pindo zilizofungwa na kukamilika. Hulala huru juu ya sakafu, hukunjwa siku ya kufagia, hutolewa uani likakung'utwa vumbi, hugeuzwa upande lisichakae mahali pamoja. Likipanuka kidogo kwa unyevu wa masika, lina nafasi ya kupanukia, wala hapana aonaye. Zulia la Kiajemi, fauka ya hayo, limefumwa kwa mtande na mshindio, na kila uzi wa manyoya yake umefungwa fundo, kwa hiyo umbile lake lote lashikana lenyewe kwa lenyewe. Mtu aliyelelewa juu ya matandiko haya hakosi kudhani kwamba zulia ni kitu cha kutandazwa, basi. Na kwa zulia alijualo yeye, dhana yake ni sahihi. Kosa lake ni kuichukua hukumu ya tandiko huru na kuipitisha juu ya tandiko lisilo huru, lililozungukwa na kuta nne, lisilo na pindo wala mahali pa kukimbilia.

Zulia la ukuta kwa ukuta tunalolinunua leo kwa mita lina nasaba nyingine kabisa. Asili yake yarudi kwenye mji wa Dalton, katika jimbo la Georgia huko Marekani, ambako mwaka 1895 msichana aliyeitwa Catherine Evans, aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Catherine Evans Whitener, alitengeneza kwa mkono tandiko la kitanda lililopambwa kwa vishada vya nyuzi vilivyochomwa katika kitambaa na kukatwa ncha. Kazi ya mikono yake ikawa biashara ya wanawake wa vijijini, biashara ya wanawake ikaleta mashine, na kufika miaka ya 1950 mashine hizo, zenye sindano kwa mamia zilizopangwa safu moja, zilikuwa zikichoma nyuzi katika kitambaa kipana kwa mwendo ambao hakuna mfumaji awezaye kuukaribia. Hapo ndipo zulia la chumba kizima lilipotoka katika majumba ya matajiri likaingia katika nyumba ya mfanyakazi wa kawaida. Lakini tazama lilivyoumbwa: nyuzi zake hazikufungwa fundo wala hazikufumwa pamoja na mgongo wake, zimechomwa tu, kisha zikashikizwa kwa ulimbo wa lateksi uliopakwa nyuma, na juu ya ulimbo huo kikabandikwa kitambaa cha pili, ambacho zamani kilikuwa cha juti na siku hizi aghalabu ni cha polipropilini. Mwili wa namna hiyo una tabia zake. Kwa joto na unyevu hulegea. Kwa kukanyagwa kila siku mahali pale pale husukumika. Na kwa kuwa umekuja kutoka kiwandani umeviringwa kwa nguvu, ukavuka bahari na kukaa ghalani katika hali hiyo, hauwezi kunyooka na kutulia kwa sababu tu umefunuliwa.

Wenye kuyatengeneza mazulia haya hawakulificha jambo hili. Jumuiya ya watengenezaji wa Marekani, Carpet and Rug Institute, yenye makao yake huko huko Dalton, imeandika katika kanuni zake za utandikaji kwamba zulia la kawaida la nyumbani, lililolazwa juu ya sponji na kunaswa kando, livutwe kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya urefu wake, na vivyo hivyo kwa upana wake, na kwamba livutwe kwa mtambo maalumu wa kuvutia. Mtu atasema asilimia moja ni nini? Na apige hesabu. Katika sebule ya mita 5 kwa 4, kanuni hiyo yadai zulia lirefuke sentimita 5 hadi 7 na nusu upande wa urefu, na sentimita 4 hadi 6 upande wa mapana. Kiasi hicho cha zulia, ambacho fundi mwaminifu hukivuta mpaka kikapita ukutani akakikata na kukitupa, ndicho hasa kitakachoinuka kuwa mkunjo katika nyumba ya yule aliyeambiwa kwamba kulaza kwatosha. Hakukitoa siku ya kwanza; kitajitoa chenyewe, katikati ya chumba, mbele ya wageni. Ngoma yaweza kuwa na ngozi bora kuliko zote mjini, na isipowambwa haitalia. Wala hapana mtu mwenye akili awezaye kumlaumu mbuzi.

Sasa niwajibu wenye hoja, kila mmoja kwa hoja yake.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba samani zitalishika zulia. Wamekisia kinyume cha mambo. Kabati lililosimama penye pembe, na kochi zito lililoegemea ukuta, hulibana zulia pale pale penye miguu yake, na pengine pote huliacha lilivyo. Lateksi inapolegea kwa joto la Januari, au kwa unyevu wa mvua kubwa, ule ulegevu hauwezi kutoka kando, kwa maana kando kumebanwa. Hujikusanya palipo wazi, napo ni njia ya kupita watu, kati ya mlango na kiti. Kwa hiyo samani, badala ya kuuzuia mkunjo, huuchagulia mahali pabaya kuliko pote. Na mkunjo ukiisha kuzaliwa haukai hali moja. Kila mguu unaoukanyaga huupinda mgongo wa zulia, na ulimbo uliopindwa mara kwa mara hupasuka, kitambaa cha pili kikaachana na cha kwanza, na manyoya ya kileleni mwa mkunjo yakachakaa upesi kuliko ya bondeni. Zulia ambalo lingedumu miaka mingi limeharibika kabla ya wakati wake. Simtaji hapa bibi mzee aburuzaye miguu kwenda kutawadha alfajiri gizani. Mwenye wazee nyumbani ameelewa.

Wa pili ni mafundi wenyewe, na hao wanadai jawabu refu zaidi, kwa kuwa wanajua kwamba zulia lataka kuvutwa, lakini wasema goti latosha. Wana kifaa kifupi, chenye meno upande wa mbele na mto upande wa nyuma. Fundi hupiga magoti, akayazamisha meno ndani ya zulia karibu na ukuta, kisha akaupiga mto ule kwa goti lake, zulia likaruka mbele na kunasa katika misumari. Kifaa hiki sikikatai. Kina kazi yake halali: kulisogeza zulia mahali pake, kunasa pembe ya kuanzia, kufanya kazi ndani ya kabati la ukutani na penye ngazi, mahali ambapo mtambo mrefu hauingii. Lakini pigo la goti ni la mara moja, na nguvu yake huishia karibu na pale lilipopiga, kwa maana zulia lalala juu ya sponji nayo yalishika kila mahali kwa msuguano. Katika kijichumba, pigo hilo laweza kufika ng'ambo. Katika ukumbi wa mita 5 halifiki hata kati. Matokeo yake ni zulia lililokazika kando kando kwa upana wa shibiri chache, na kulegea tumboni, na mwenye nyumba akilipapasa karibu na ukuta, ambako ndiko mtu hupapasa, husadiki kwamba kazi imefanywa sawasawa.

Na laiti madhara yangekuwa ya zulia peke yake! Mwaka 1990 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya za wafanyakazi, ijulikanayo kwa herufi NIOSH, ilitoa onyo rasmi juu ya magoti ya watandika mazulia. Ilieleza kwamba mafundi hawa, ambao hawakufika hata asilimia 0.06 ya wafanyakazi wote wa nchi ile, walikuwa ndio wenye asilimia 6.2 ya madai yote ya fidia kwa uvimbe wa magoti utokanao na kuumizwa, yaani mara 108 kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao, na kwamba hapana kazi nyingine iliyoripotiwa kuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho. Vipimo vilionyesha kwamba goti lipigapo mto hupokea nguvu ya kiasi cha newtoni 3,000, takriban mara nne ya uzito wa mwili wa mtu. Na miongoni mwa mambo taasisi hiyo iliyoshauri ni hili hili ninalolipigania: mtambo wa kuvutia utumike mahali pa goti kila iwezekanapo. Fundi anayejivuna kwamba ametandika vyumba kwa goti tangu ujana wake anajivunia kitu ambacho atakuja kukilipa kwa mguu wake mwenyewe. Kumtetea fundi huyu ni kumpa chombo. Desturi yake ya goti haimtetei.

Wa tatu ni watu wa gundi, nao ni wengi katika miji yetu. Kwao nataka kupambanua, kwa sababu ndani ya madai yao mna haki iliyochanganyika na batili. Kulibandika zulia sakafuni mwili mzima, bila ya sponji, juu ya saruji kavu iliyo sawa, ni njia halali yenye kanuni zake. Na kwa msikiti, ofisi au ukumbi wa mikutano, ambamo eneo ni kubwa na nyayo ni nyingi, mara nyingi ndiyo njia bora. Zulia la namna hiyo halihitaji kuwambwa, kwa maana limeshikwa kila inchi yake. Lakini hiyo siyo kazi ninayoiona ikifanywa majumbani. Ninayoiona ni kupaka gundi ukanda mwembamba pembezoni mwa chumba, au kupitisha utepe wenye gundi pande mbili, kisha zulia likalazwa juu yake huku katikati likiwa huru. Hapa ubaya wa njia zote mbili umekusanywa pamoja, na wema wa zote mbili umeachwa: zulia limefungwa kando lisiweze kutoka, wala halikukazwa lisiweze kuinuka. Na siku mwenye nyumba atakapotaka kulirekebisha, ataling'oa pamoja na vipande vya mgongo wake, na sakafu itabaki na makovu. Juu ya sakafu za chokaa za nyumba kongwe za Mji Mkongwe au Lamu, zilizomiminwa juu ya boriti na mawe, gundi kali ni dhulma tupu kwa jengo, na misumari haishiki. Huko ushauri wangu ni mtu arudi kwenye zulia huru la wazee wake, asilazimishe.

Yabaki hoja ya nne, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa imevaa vazi la unyenyekevu: kwamba haya yote ni sawa, lakini ni mambo ya mabingwa na mitambo, hayamhusu mwenye nyumba wa kawaida, ambaye yamkini afanye awezavyo na kushukuru. Naikataa. Kazi ya kuwamba zulia katika chumba cha pembe nne, kisicho na viungo wala maua ya kulinganishwa, imo katika uwezo wa watu wawili wenye subira na siku nzima mbele yao. Kandokando ya kuta hupigiliwa vibao vyembamba, upana wake kama sentimita 2 na nusu, vyenye safu za misumari midogo iliyochomoza juu ikiuinamia ukuta. Huachwa nafasi kati ya kibao na ukuta, iliyo pungufu kidogo ya unene wa zulia. Sponji hulazwa ndani ya mzunguko wa vibao, isivipande. Wala isiwe nene kupita kiasi kwa tamaa ya ulaini. Sponji iliyozidi milimita 11 huufanya mgongo wa zulia upindike kwa kila hatua, na huo ni mwanzo wa ulegevu mwingine. Zulia lenyewe hufunuliwa ndani ya nyumba walau siku moja kabla, lizoee hewa ya mahali litakapoishi. Kisha hunaswa pembe moja kwa kile kifaa cha goti, mita moja hivi kila upande wa pembe, na hapo ndipo mtambo wenyewe huingia.

Mtambo huu si muujiza. Ni mabomba yanayoingiana, yanayorefushwa mpaka yakavuka chumba. Upande mmoja pana kichwa chenye meno, upande wa pili pana kitako kinachoegemea ukuta ulio mkabala, na juu ya kichwa pana wenzo. Mtu huushusha wenzo kwa mkono mmoja, taratibu, zulia lote likasogea pamoja kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele, na mwenziwe akalikandamiza katika misumari likiwa bado limekazika. Huvutwa pembe ya pili, kisha ya tatu, kisha ukuta mzima hatua kwa hatua, mtambo ukielekezwa mshazari kidogo ili zulia likazike pande mbili kwa pamoja. Kilichozidi hukatwa, na ncha hushindiliwa katika ile nafasi iliyoachwa ukutani. Huko Marekani nyumba nyingi zina kuta za jasi juu ya nguzo za mbao, na mtu akikiegemeza kitako pasipo na nguzo, ukuta huingia ndani. Ndiyo maana hutanguliza ubao mrefu kuugawa uzito. Kuta zetu za matofali na mawe hazina udhaifu huo, hata naweza kusema kwamba nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam imejengwa kwa kazi hii kuliko nyumba ya Georgia. Taabu yetu iko sakafuni: penye saruji yatakiwa misumari ya chuma kigumu, na penye vigae msumari haufai kabisa, kwa kuwa vigae hupasuka, hapo vibao hubandikwa kwa gundi madhubuti ya ujenzi, na hapana kuvuta chochote mpaka ikauke barabara.

Yapo yasiyomfaa mwenye nyumba, nami sitamdanganya. Mabunda ya mazulia haya hutoka Marekani kwa upana wa futi 12, yaani kama mita 3.66, na ya Ulaya aghalabu mita 4 au 5. Chumba kilichozidi hapo chataka kiungo, na kuunga ni ufundi wa mkono uliozoea, kwa sababu manyoya ya vipande vyote viwili sharti yalale upande mmoja na kingo zake zitiwe ulimbo kabla ya kukutanishwa juu ya utepe unaoyeyushwa kwa pasi. Ngazi pia, na zulia lenye maua, amwachie bingwa. Lakini ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza, ambao huhamia katika nyumba zilizokwisha kutandikwa na wengine, wakakuta mikunjo chumbani na kuambiwa kwamba dawa ni kununua jipya, hao nawasihi wasikubali upesi. Wainue pindo penye pembe, watazame mgongo. Ikiwa vitambaa viwili bado vimeshikana, na vibao vingali imara, zulia lile ni zima. Linataka kuvutwa upya tu na kukatwa kilichozidi, na maduka ya kukodisha zana katika nchi hizo huutoa mtambo huu kwa siku moja, kwa malipo yasiyokaribia bei ya zulia jipya.

Kwetu hauko, na hapa ndipo hoja ya wapinzani inapopata ukweli wake wa pekee. Bunda la zulia limevuka bahari likafika madukani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam; zana zilizolipasa kuja pamoja nalo zilibaki ng'ambo, na fundi akaachwa na kisu na kopo la gundi. Nani alaumiwe? Simlaumu fundi, wala simlaumu mnunuzi. Namdai mwenye duka. Anayeuza zulia la ukuta kwa ukuta na auze na vibao vyake na sponji ya unene wake, na aweke dukani mtambo mmoja wa kukodishwa kwa kutwa. Na mnunuzi, kabla ya kulipa, amwulize zulia hili litavutwa kwa nini, na akijibiwa kwamba litatulia lenyewe, fedha zake azirudishe mfukoni.